Namna ya Kutembelea Makumbusho ya Magari ya Kale: Mwongozo kwa Msafiri Atokaye Tanga

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu wa Tanga, awe fundi, dereva, mwalimu au mzazi mwenye watoto wanaopenda magari, ambaye amekusudia kwenda kuyaangalia magari ya kale katika makumbusho na angependa kurudi nyumbani na ujuzi. Mara ya kwanza nilipowapeleka vijana wanne wa gereji yetu ya Ngamiani mpaka Dar es Salaam, tulipita mbele ya magari yote kwa muda usiofika nusu saa, tukapiga picha, tukatoka. Tulipofika Chalinze wakati wa kurudi, kijana mmoja akaniuliza, "Fundi, lile gari kubwa breki zake zilikuwa za mafuta au za waya?" Sikuwa na jibu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameinama kuchungulia chini ya gari lile. Tangu siku hiyo nimebadilisha kabisa namna ya kwenda, na hatua nitakazozieleza hapa ndizo ninazozifuata.

Kabla ya hatua yenyewe ya kwanza, msafiri aweke jambo moja moyoni. Kibao kinachowekwa mbele ya gari la makumbusho kwa kawaida humtaja aliyeliunda, mwaka lilipoundwa na mkubwa aliyelimiliki. Ni mara chache kibao hicho kumtaja dereva aliyeliendesha, fundi aliyelala chini yake kulitengeneza, au utingo aliyeshuka kuliwekea jiwe tairini lilipokuwa likirudi nyuma mlimani. Huku kwetu gari lilikuwa chombo cha kazi, na wazee waliofanya kazi hizo wengine bado tunao mitaani. Kwa hiyo mtu wa Tanga anaingia makumbusho akiwa na maswali ambayo mgeni mwingine hana, mradi ayatayarishe mapema.

Hatua ya kwanza: chagua makumbusho kulingana na swali lako

Kwa mtu wa Tanga, mahali pa karibu pa kuanzia ni Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni, Dar es Salaam, yaliyopo Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Bustani ya Mimea. (Naona fahari kila mara ninapowaeleza vijana kwamba mtaa huo umepewa jina la mtoto wa Tanga, aliyezaliwa Vibambani, Machui, mwaka 1909.) Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1940, na wengi huyajua kwa sababu ya mabaki ya binadamu wa kale kutoka Olduvai. Humo pia mna mkusanyo mdogo wa magari ya kale, likiwemo Rolls-Royce lililotumiwa kwanza na serikali ya kikoloni ya Uingereza na baadaye na Mwalimu Julius Nyerere. Udogo wa mkusanyo huo usikuvunje moyo. Kwa mtu anayekwenda kujifunza, magari machache yanatosha kabisa kwa siku nzima, na nitaeleza kwa nini.

Kama una safari ya mbali zaidi, yapo makumbusho makubwa ya magari peke yake. Afrika Kusini, karibu na mji wa Franschhoek katika jimbo la Rasi ya Magharibi, kuna makumbusho yenye magari zaidi ya 220, ambayo huoneshwa kwa zamu, takriban 80 kwa wakati mmoja, kuanzia baiskeli ya magurudumu matatu yenye injini ya mwaka 1898. Uingereza kuna makumbusho ya Beaulieu, yaliyoanza mwaka 1952 kwa magari matano tu. Ujerumani, mjini Stuttgart, makumbusho ya Mercedes-Benz yaliyofunguliwa mwaka 2006 yana magari 160 katika ghorofa tisa, na mgeni hupandishwa kwa lifti mpaka juu kabisa, kisha hushuka kwa miguu akifuata miaka kutoka 1886 hadi leo. Mpangilio huo wa kushuka na miaka ni mzuri sana kwa mtu anayetaka kuona jinsi kitu kimoja kilivyozaa kingine.

Mwenye swali la historia ya nchi yetu aende Dar es Salaam. Mwenye swali la mitambo, kwa mfano anayetaka kuona jinsi giaboksi lilivyobadilika, atafaidika zaidi na makumbusho yenye magari ya miaka mingi yaliyopangwa kwa mfululizo.

Hatua ya pili: anza nyumbani

Hatua hii ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo watu wengi huiruka. Itengee wiki mbili au tatu kabla ya safari.

Nenda kwanza kwenye Boma la zamani la Wajerumani hapa mjini, yalipo makumbusho ya Urithi Tanga, ukaangalie picha za mji wa zamani. Usitafute magari tu. Angalia mizigo ilibebwa na nini: vichwa vya watu, matoroli ya reli nyembamba ya mashamba ya mkonge, magari moshi, mikokoteni. Reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911, yaani gari la moshi lilikuwa limeshazoeleka hapa kabla motokaa haijawa kitu cha kawaida popote duniani. Jiulize pia kwa nini kabla ya hapo mizigo ya bara ilibebwa na wapagazi na si na farasi au ng'ombe wa kukokota. Jibu ni ndorobo, inzi ambaye ugonjwa wake uliua wanyama hao njiani. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini injini, ambayo haiumwi na mdudu, ilibadilisha maisha ya huku kwa namna ambayo mtu wa Ulaya aliyekuwa na farasi wake hakuiona.

Kuna kisa kimoja ninachopenda vijana wakijue kabla ya kuondoka. Tarehe 10 Agosti 1907, luteni wa Kijerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari la kampuni ya Gaggenau, akakusudia kuvuka Afrika mpaka pwani ya magharibi. Alifika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909, baada ya siku 630. Simulizi za safari hiyo humsifu yeye na gari lake. Mimi huwauliza vijana swali moja tu: pale ambapo hapakuwa na kituo cha mafuta wala barabara, petroli ya gari hilo ilifikaje? Gari haliwezi kwenda mahali kama hapo isipokuwa kuna watu waliolibebea mafuta na kulifyekea njia. Swali hilo liandikwe kwenye daftari, liwe la kwanza.

Kisha nenda gereji. Ngamiani, katika barabara zetu za namba, bado utakuta Land Rover za zamani zikitengenezwa. Omba ruhusa kwa fundi mkuu, chukua sumaku ndogo, uiweke kwenye bodi. Haishiki. Iweke kwenye chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari lote, inashika. Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, wakati chuma kilikuwa kikigawiwa kwa mgao Uingereza baada ya vita, ndipo waundaji wakatumia aloi ya alumini kwa bodi na kuacha chuma kwa chesisi. Kwa hewa ya chumvi ya Raskazone na Pangani matokeo yake kila fundi wa hapa anayajua: bodi hubaki imara huku chesisi ikiliwa na kutu, na pale metali hizo mbili zinapokutana alumini nayo huliwa. Mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake akikutana na Land Rover ya makumbusho, ataelekeza macho moja kwa moja kwenye chesisi na kuuliza kama ni ya asili.

Mwisho wa matayarisho ya nyumbani, mtafute mzee aliyewahi kuendesha. Umwendee kwa adabu, jioni anapokuwa ametulia barazani, useme, "Shikamoo babu, nimekuja kukuomba unifundishe," halafu umwache azungumze. Mzee mmoja wa Makorora aliyeendesha lori la mkonge aliniambia kwamba asubuhi za baridi walipiga hendeli, yaani kuzungusha injini kwa mkono ili iwake, watu wawili kwa kupokezana, na kwamba kidole gumba hakizungushwi kwenye hendeli bali huwekwa upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikirudisha pigo huvunja mkono. Maneno hayo yalinifungulia magari mengi ya makumbusho kuliko kibao chochote nilichowahi kukisoma. Kutokana na mazungumzo hayo, andika maswali kumi, yasizidi.

Hatua ya tatu: safari na matayarisho yake

Kutoka Tanga mpaka Dar es Salaam kupitia Segera na Chalinze ni kama kilomita 350. Usijaribu kwenda na kurudi siku moja. Fika siku ya kuamkia, ulale, uingie makumbusho asubuhi yanapofunguliwa, wakati watu ni wachache na wahudumu wana nafasi ya kukuhudumia. Ukipita Kibaha, waeleze wenzako kwamba hapo ndipo lilipobuniwa lori la Nyumbu, lililoundwa na wataalamu wetu wenyewe.

Siku chache kabla, wasiliana na makumbusho uulize mambo matatu: kama magari yapo wazi kwa wageni siku hiyo, kama picha zinaruhusiwa na kwa malipo gani, na kama mtaalamu anaweza kuzungumza nanyi. Kundi la wanafunzi au mafundi liende na barua yenye mhuri. Kila mtu awe na kitambulisho, kwa sababu kiingilio cha mwananchi na cha mgeni hutofautiana. Beba daftari, penseli na tochi ndogo, na uvae suruali ambayo huogopi kuipigia magoti sakafuni.

Hatua ya nne: zunguka mara moja bila kuandika

Ukiingia, zunguka magari yote taratibu bila kusoma vibao na bila kutoa simu. Lengo ni kuyaacha macho yachague. Baada ya mzunguko huo chagua magari matatu tu, kisha uyasahau mengine. Najua ushauri huu huwauma waliotoka mbali, lakini nimeona mara nyingi kwamba anayeangalia magari thelathini hukumbuka rangi zake, na anayeangalia matatu hukumbuka jinsi yalivyofanya kazi.

Hatua ya tano: lisome gari kutoka chini kwenda juu

Watu wengi huanza na uso wa gari, yaani grili, taa na nembo. Fundi huanza chini. Piga magoti pembeni ya gari, mbali kiasi cha kutoligusa, umulike tochi, uanze na magurudumu.

Gurudumu lina sponki za mbao, za waya, au ni rimu ya chuma? Mbao ni alama kwamba fundi wa magurudumu ya mikokoteni alikuwa bado na kazi kiwandani. Tairi je? Tairi la upepo lililokuja kuenea lilitolewa na John Boyd Dunlop mwaka 1888, na hamu ya mpira iliyofuatia magari ilifika mpaka kwetu, ambapo Wajerumani walipanda mashamba ya mpira Muheza. Kwa hiyo mtu wa Tanga akitazama tairi la gari la miaka ya 1900 anatazama pia jasho la babu zake.

Kutoka kwenye gurudumu fuata breki. Tafuta waya au fimbo zinazotoka kwenye pedali, na kama hazipo, tafuta mabomba membamba ya mafuta. Angalia kama breki zipo magurudumu yote manne au ya nyuma tu. Hapo utatambua dereva wa gari hilo alihitaji nafasi kiasi gani mbele yake kabla ya kusimama. Halafu springi: za majani kama za lori, au za kuviringika? Peugeot 404, gari ambalo wazee wetu waliliamini sana, lilikuwa na springi za kuviringika mbele na nyuma, na ndiyo maana lilipita kwenye mashimo kwa upole. Gari hilo lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953 kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1966 na 1967 usukani ulishikwa na Bert Shankland, dereva aliyeishi nchini mwetu.

Kisha inuka, uangalie injini kama boneti iko wazi. Hesabu silinda kwa kuhesabu plagi. Tafuta rejeta, kile kifaa cha kupoozea maji ya injini. Gari la Volkswagen lile la mviringo, ambalo liliundwa zaidi ya 21,500,000 mpaka la mwisho lilipotoka kiwandani Puebla, Meksiko, mwezi Julai 2003, halina rejeta kabisa, kwa sababu injini yake hupoozwa kwa upepo. Dereva wa huku alilipenda kwa sababu hiyo, kwamba njiani hakuna maji yatakayochemka. Uliza pia injini ilitumia petroli ya namna gani. Petroli nyingi za zamani zilitiwa risasi, ambayo pia ililinda viti vya valvu visilike, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuitumia kufikia mwaka 2006. Ndiyo maana anayeliwasha gari la kale leo hana budi kufikiri juu ya valvu zake.

Mwisho nenda kwenye nafasi ya dereva, na hapa ukae muda mrefu kuliko popote. Chukua mfano wa Ford Model T, gari lililoundwa kuanzia mwaka 1908 hadi 1927, zaidi ya 15,000,000. Lina pedali tatu, lakini si hizi tulizozizoea. Ya kulia ni breki, na breki hiyo hubana ndani ya giaboksi, haibani magurudumu. Ya katikati ni ya kurudi nyuma. Ya kushoto ukiikanyaga mpaka chini unapata gia ndogo, ukiishikilia katikati gari linakuwa huru, ukiiachia juu unapata gia kubwa. Mafuta huongezwa kwa mkono, kwa kijiti kilicho chini ya usukani upande wa kulia, na kijiti cha kushoto hupeleka mbele au kurudisha nyuma wakati wa cheche ya plagi inayowasha mafuta ndani ya silinda. Dereva aliyesahau kurudisha cheche nyuma kabla ya kupiga hendeli ndiye aliyevunjika mkono, na hapo yale maneno ya mzee wa Makorora yakapata maelezo yake. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilitoa gari lenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, na hatari hiyo ikaanza kupungua.

Simama mbele ya Model T kwa muda zaidi, ufikirie barabara unayoijua. Tanki lake la mafuta lilikuwa chini ya kiti cha mbele, na petroli ilishuka kwenye kabureta, kifaa kinachoichanganya na hewa, kwa uzito wake yenyewe bila pampu. Likipanda mlima mkali na mafuta yakiwa kidogo, kabureta huwa juu kuliko mafuta, na injini huzimika. Madereva walitatua jambo hilo kwa kupanda mlima kinyumenyume. Mpe kijana wako swali hili: ungekuwa na gari hilo Mombo, tanki likiwa robo, ungefikaje Soni? Nimewaona vijana wasiopenda kabisa kusoma wakibishana juu ya swali hilo kwa saa nzima, wakichora tanki na kabureta sakafuni kwa chaki.

Taa nazo zina hadithi. Magari ya awali mengi yaliangaza kwa gesi iliyotokana na kabaidi, yale mawe ya kijivu ambayo mafundi wa kuchomelea huyatia maji yatoe gesi. Ukiona taa kubwa ya shaba yenye bomba jembamba linalokwenda kwenye mtungi pembeni, unaangalia kitu ambacho fundi wa kuchomelea wa Chumbageni anaweza kukueleza vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Mikanda ya viti usiitafute kwenye magari ya zamani sana, maana mkanda wa kushika sehemu tatu ulianza kutumiwa na Volvo mwaka 1959 tu.

Hatua ya sita: uliza, usiguse

Katazo la kugusa huwakera mafundi, ambao mikono yao ndiyo macho yao. Waeleze sababu. Jasho la kiganja lina chumvi, na chumvi hiyo hufanya kwa kromu na shaba kile ambacho bahari hufanya kwa paa zetu za mabati, ila kwa polepole. Rangi za zamani huvunjika kwa urahisi, na ngozi ya kiti iliyokauka hupasuka ikikaliwa mara moja tu.

Badala ya kugusa, omba. Mwambie mhudumu kwa upole kwamba mmekuja mafundi kutoka Tanga na mngefurahi kuoneshwa ndani ya boneti. Mara nyingine mtakataliwa, na kukataliwa huko mkupokee kwa heshima. Lakini nimewahi kufunguliwa boneti kwa sababu tu kijana wangu alilitaja jina sahihi la kifaa alichotaka kukiona. Mhudumu aliona kwamba tumekuja kusoma.

Mbele ya Rolls-Royce la Dar es Salaam, maswali yangu huwa ni haya: Nani alikuwa dereva wake kabla ya Uhuru, na nani baada ya hapo? Vipuri viliagizwa kutoka wapi? Fundi gani alilihudumia? Mtu mmoja alikalia kiti cha nyuma kama mtawala wa kigeni, mwingine akakikalia kama kiongozi aliyechaguliwa na wananchi, na gari ni lile lile. Kwa mtoto wa shule, hilo ni somo la uraia lenye magurudumu, nami humwacha mwalimu alieleze kwa kirefu.

Hatua ya saba: tenganisha cha asili, kilichotengenezwa na nakala

Si kila gari la makumbusho ni lile lililotoka kiwandani. Baadhi ni ya asili kabisa, baadhi yametengenezwa upya kwa vipuri vya magari mengine, na baadhi ni nakala zilizoundwa kwa kufuata michoro. Mfano mkubwa ni gari la Carl Benz la magurudumu matatu, lililoombewa hataza (haki ya mvumbuzi) namba 37435 tarehe 29 Januari 1886, lenye silinda moja na nguvu isiyofika farasi mmoja. Utaona magari ya namna hiyo katika makumbusho mengi, lakini yaliyo mengi ni nakala; la asili limehifadhiwa katika Makumbusho ya Kijerumani, mjini Munich. Nakala si udanganyifu, mradi kibao kiseme hivyo, na kwa fundi nakala inayowashwa na kutembea inaweza kufundisha zaidi.

Mbele ya gari hilo wasimulie wenzako habari za Bertha Benz, mke wa Carl, ambaye mwezi Agosti 1888 aliondoka Mannheim na wanawe wawili bila kumuaga mumewe, akaendesha mpaka Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Mafuta alinunua duka la dawa la mji wa Wiesloch. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia, na breki za mbao zilipolika akamwomba fundi viatu azipigilie ngozi. Katika jambo hili la mwisho kila fundi wa Ngamiani anamtambua dada yake. Sisi pia tumekata ngozi na mipira ya matairi ili gari lifike, na hakuna anayetuita wabunifu.

Kutambua ukarabati, tumia macho ya gereji. Skrubu za kichwa cha nyota kwenye gari la mwaka 1910 zimeletwa baadaye. Rangi inayong'aa sawasawa hata katika pembe za ndani imepigwa karibuni. Waya wa plastiki ndani ya gari la enzi za waya za kitambaa umebadilishwa. Andika ulichokiona bila kulaumu, maana gari lililofanya kazi miaka arobaini bila kubadilishiwa kitu halipo popote.

Hatua ya nane: ukirudi Tanga

Ndani ya siku tatu, kabla maneno hayajapoa, rudi kwa yule mzee uliyezungumza naye. Mwoneshe picha za magari matatu uliyoyachagua, umsomee ulichoandika. Atakusahihisha, na masahihisho yake uyaandike kando kwa wino wa rangi nyingine. Muulize kama ana leseni yake ya zamani, kitabu cha gari, risiti ya vipuri au picha aliyopigwa na lori. Usichukue karatasi hizo. Zipige picha hapo hapo mbele yake, umrudishie mkononi.

Nasema hivi kwa uchungu. Babu yangu mdogo alikuwa na Land Rover aliyoiendesha kati ya Muheza na Pangani zaidi ya miaka ishirini. Alipofariki, ndugu tuliiuza kwa kilo kama chuma chakavu, na kitabu chake chenye majina ya madereva wote watatu kikatumika kuwashia jiko. Gari lile huenda lisingeingia makumbusho yoyote, lakini majina yale yalikuwa ni historia ya barabara ile, na leo nakumbuka moja tu kati ya matatu.

Andika basi kurasa mbili au tatu kwa kila mzee: jina lake kama ameridhia, gari alilolifanyia kazi, njia alizopita, matengenezo aliyoyafanya njiani na namna alivyoyafanya, na maneno ya kazi aliyoyatumia, hata kama leo hayatumiki tena. Weka tarehe ya mazungumzo. Toa nakala tatu: moja ibaki kwa familia yake, moja itundikwe gereji ambapo wanagenzi wataisoma wakisubiri gundi ikauke, na ya tatu uipeleke Boma kwa mkono wako mwenyewe, ukaombe ipokewe pamoja na picha.